Maswali Yenu: Tunda la Porini Likiingia Dukani, Mti Utabaki Shambani?

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu vikundi vya wanawake wanaosindika matunda ya miti ya asili iliyoachwa mashambani. Hoja yake ilikuwa kwamba biashara hiyo huilinda miti yenyewe pamoja na viumbe wanaoitegemea. Barua zilizofuata ni nyingi, na baadhi yake zinaipinga hoja hiyo waziwazi. Tumechagua sita na kuzifupisha pale ilipobidi.

Shikamoo mtaalamu. Nina ekari sita huku Mpwapwa, na ndani yake mna mibuyu minne na mikwaju saba. Mchoma mkaa ameniomba nimuuzie mikwaju mitatu, na fedha anayoitaja inatosha kulipa ada ya mtoto papo hapo. Isitoshe, mtama ulio chini ya mikwaju haustawi. Ninyi mnasema niiache. Nile nini?
*Mkulima, Mpwapwa, Dodoma*

Marahaba. Unga wa ubuyu hautakulipia ada kesho asubuhi, na mkaa unaweza. Anayekwambia vinginevyo hajawahi kudaiwa ada. Hata hivyo, mkwaju uliokatwa hulipa mara moja tu. Mbao yake nzito ndiyo inayoufanya utafutwe na wachoma mkaa, tofauti na mbuyu ambao ni laini, umejaa maji na hautoi mkaa wa maana. Ndiyo maana mara nyingi utaukuta mbuyu umesimama peke yake katikati ya shamba ilhali mikwaju iliyokuwa jirani nao imekwisha. Kumbuka pia kwamba uvunaji na usafirishaji wa mkaa unahitaji kibali hata kama mti umeota shambani mwako, na mchoma mkaa asiye nacho atakuachia wewe kujibu maswali yatakapokuja.

Sasa tufanye hesabu. Wakulima wengi huuza ubuyu kwa gunia, chini ya mti, kwa bei anayoitaja mnunuzi mwenye gari, na kwa bei hiyo mkaa utashinda kila mara. Hesabu hubadilika pale unapouza kilichomo ndani ya kifuu. Tuseme mibuyu yako minne inakupa kilo 400 za matunda mazima, na kutokana na hizo unapata unga kiasi cha moja ya tano, yaani kilo 80. Zidisha kilo hizo 80 kwa bei ya unga mjini, kisha utoe gharama za vibarua, vifungashio, usafiri na ule unga utakaoharibika. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na fedha ya gunia. Mbegu zilizobaki zina mafuta ambayo wakamuaji huyanunua kwa ajili ya vipodozi, na vifuu ni kuni nzuri. Ukwaju nao huuzika mbichi, lakini kikundi kinachoutengeneza kuwa rojo lililochujwa nyuzi na mbegu hupata mnunuzi wa mwaka mzima, kwa kuwa wauza juisi na mahoteli hawapendi kuloweka na kukamua kila siku.

Usitegemee mazao sawa kila mwaka. Mkwaju una tabia ya kuzaa sana msimu mmoja na kupumzika unaofuata, na hapo ndipo faida ya kuwa na miti ya aina mbili au tatu inapoonekana: mwaka ambao ukwaju ni haba, ubuyu au kunazi huziba pengo. Mkulima mwenye mti wa aina moja tu ataingia majaribuni mwaka ule mbaya, na mchoma mkaa anaijua miaka hiyo vizuri kuliko afisa ugani.

Kuhusu mtama, umeona sawasawa. Kivuli cha mkwaju ni kizito na mazao hayastawi chini yake, tofauti na mbuyu ambao hupukutisha majani kiangazi chote. Pogoa matawi ya chini ili jua liingie kwa pembeni. Matawi hayo ni kuni unazoweza kuuza au kutumia bila kuua mti. Eneo lililo karibu na shina usililazimishe kuzaa mtama. Liache liwe mahali pa kuanikia, pa kupumzikia mifugo baada ya mavuno, na pa kutundika mzinga mmoja au miwili. Mtama hauwahitaji nyuki, lakini jirani yako akilima alizeti atawahitaji sana, na nyuki hao lazima wawe na maua ya kuwalisha wakati ambao alizeti bado iko ghalani.

Kuhusu ada ya mwaka huu, zungumza na kikundi au mnunuzi wa unga kuhusu malipo ya awali yatakayokatwa kwenye matunda ya msimu ujao, kwa maandishi na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Nimeona mipango ya hifadhi ikishindwa kwa kukosa jambo hili dogo: fedha inayofika wakati mkulima anapoihitaji.

Sisi ni kikundi cha akina mama ishirini katika Wilaya ya Sikonge. Tunatengeneza jamu na juisi za makusu na furu, matunda ya porini ya miti ya mkusu na mfuru. Jamu haina shida, lakini juisi huvimba chupani baada ya wiki moja au mbili na wenye maduka huturudishia. Tunakosea wapi?
*Katibu wa kikundi, Sikonge, Tabora*

Poleni, mama zetu, kwa hasara hiyo. Jamu imewatii kwa sababu sukari nyingi huwanyima vijidudu maji. Jamu iliyopikwa vizuri hufikia sukari ya takriban asilimia 65. Juisi haina kinga hiyo. Makusu huokotwa chini, na hilo ni jema kwa mti kwa sababu tunda lililoanguka lenyewe limekwisha kuiva na hakuna tawi lililovunjwa. Lakini tunda lililolala juu ya majani makavu kwa siku mbili huja na hamira ya asili juu ya ganda lake, na hamira hiyo ndiyo inayowapasulia chupa.

Okoteni kila asubuhi, si mara moja kwa wiki. Tupeni yaliyopasuka, na osheni yaliyobaki kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kufungua ganda. Mkikamua, tumieni mkono au mwiko wa mbao na chujio pana. Msitumie mashine inayosaga mbegu, kwa maana mbegu huleta uchungu. Hatua inayofuata ndiyo ambayo vikundi vingi huikosea. Juisi ya kujazwa ikiwa moto ni salama pale tu inapokuwa kali vya kutosha, na kipimo chake ni pH, ambayo isizidi 4.5 na ni bora ikae chini ya 4. Makusu ni matamu kuliko yalivyo makali, kwa hiyo yaongezeeni maji ya ndimu au, kwa kuwa mnayo, rojo la ukwaju. Karatasi za kupimia pH huuzwa kwa bei ndogo. Nunueni, wala msitumie ulimi.

Pasheni juisi hadi nyuzi 85 na muishikilie hapo kwa dakika chache huku mkikoroga, kisha mjaze chupa za kioo zilizochemshwa, juisi ikiwa bado moto. Fungeni mara moja, muilaze chupa kifudifudi kwa dakika mbili au tatu ili juisi ya moto iguse ndani ya kizibo, halafu mpoze. Chupa za plastiki za maji ya kunywa zinazookotwa mitaani hazifai kabisa: hujikunja kwa joto hilo, na haijulikani zilibeba nini kabla. Nadhani hapo ndipo penye tatizo lenu, kwa maana wanaojaza plastiki huiacha juisi ipoe kwanza, na wakati inapoa hamira huingia upya.

Kwa ushauri wa ana kwa ana, Tabora mnayo bahati. Kituo cha utafiti cha Tumbi, kwa kushirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kilishughulikia matunda ya misitu ya miombo na mafunzo ya usindikaji miaka mingi kabla watu wa mikoa mingine hawajalifikiria jambo hilo. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo ndiyo mlango wa kupata barua ya utambulisho mnayoihitaji kwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Kuna mng'ong'o mmoja shambani kwangu haujawahi kuzaa hata tunda moja tangu baba yangu akiwa hai, na mbuyu mmoja unatoa maua kisha matunda mawili matatu tu. Nikiikata nitapata nafasi ya alizeti. Kuna ubaya?
*Msomaji, Manyoni, Singida*

Mng'ong'o usiukate kabla hujafanya uchunguzi. Mti huu una jinsia mbili zilizotengana, dume na jike, na dume halizai kamwe. Kazi yake ni kutoa chavua inayobebwa na nyuki na wadudu wengine hadi kwenye majike. Mkusu nao ni hivyo hivyo. Mkulima anayeng'oa kila mti "tasa" akabakiza inayozaa tu hushangaa, miaka kadhaa baadaye, mavuno yakipungua kwenye miti aliyoihurumia. Chungulia maua ya mng'ong'o wako msimu ujao: yakiwa yamening'inia katika vishada virefu, nawe usione hata kijitunda kimoja kikianza kufungika, huenda ndiye dume wa majike ya majirani zako watatu.

Mbuyu ni habari nyingine, kwa maana kila ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Yapo mabishano marefu kuhusu mibuyu inayozaa sana na ile isiyozaa, na wazee huita hiyo ya pili "madume". Kinachofahamika bila shaka ni kwamba ua la mbuyu hufunguka jioni, hunuka kwa nguvu, na huku kwetu wachavushaji wake wakuu ni popo wala matunda. Palipofukuzwa popo, au palipobaki mbuyu mmoja ulio mbali na wenzake, usitarajie mzigo. Kabla ya kuulaumu mti, uliza kama vijana wa kijijini wanawapiga popo kwenye mapango na kwenye miembe. Namfahamu msindikaji mmoja ambaye sasa huwalipa wakulima nyongeza ndogo ili wasiwasumbue popo, na wengine humcheka, mimi simcheki.

Katika kijiji chetu mibuyu yote ni mikubwa. Mdogo hauonekani. Je, miche yake hununuliwa wapi?
*Mwalimu mstaafu, Chamwino, Dodoma*

Mzee wetu, umeona jambo ambalo watafiti wa mbuyu wamelieleza katika nchi kadhaa za Afrika: mibuyu mizee ipo, michanga haipo. Sababu za kawaida ni mbuzi, ng'ombe, jembe la kukokotwa na moto. Iko pia sababu moja ambayo wengi hawaijui. Mche mchanga wa mbuyu haufanani na mama yake. Jani la mbuyu mkubwa limegawanyika kama vidole vya mkono, vitano hadi saba. Jani la mche ni moja, pana, lisilogawanyika, na mkulima anayepalilia hulichukulia kuwa gugu kama magugu mengine. Waonyesheni watoto wa shule mche mmoja uliooteshwa kwenye mfuko, wauone kwa macho, kisha muwatume wautafute mashambani kabla ya palizi.

Mtakayoipata, izungushieni miiba na mfunge kitambaa chekundu ili anayeendesha plau aione. Huko Dodoma wakulima wengi wanaufahamu utaratibu wa kisiki hai, wa kuchagua machipukizi yaliyoota yenyewe, kuyapogoa, kuyawekea alama na kuyalinda. Kwa mkwaju, mng'ong'o na mkunazi utaratibu huo una gharama ndogo kuliko bustani ya miche, kwa sababu mizizi imekwisha kushika. Mbegu za mbuyu zina ganda gumu. Mkitaka kuotesha, zimwagieni maji ya moto na mziache humo hadi kesho yake. Mbuyu wa mbegu huchelewa sana kuzaa, na yeyote mwenye haraka atafute fundi wa kupandikiza vikonyo kutoka mti unaojulikana kwa utamu. Mkusu una shida yake: mbegu zake hazivumilii kuhifadhiwa, na mche hudumaa usipopata ukungu wa mizizi unaoishi kwenye udongo wa miombo, kwa hiyo changanyeni kwenye mifuko udongo uliochukuliwa chini ya mkusu mkubwa.

Ninauza mabuyu ya rangi Mombasa. Wateja wa siku hizi wanauliza kama rangi ina madhara. Niache?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Tumia rangi iliyoruhusiwa kwa chakula na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si ile ya kupakia mikeka, na uthibitishe na KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Bora zaidi, anza fungu dogo lisilo na rangi: sukari, iliki, pilipili kidogo, na maji ya rozela kwa anayetaka wekundu. Kagua ubuyu kabla ya kununua. Wenye madoa meusi au unaonuka vumbi la unyevunyevu ulipasuka ukanyeshewa, na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa sukari.

Kwa heshima, nadhani makala yenu ilikuwa na matumaini kupita kiasi. Soko likikua, watu wataokota mpaka tunda la mwisho, ndege na nyani watakosa, na mwanamke asiye na shamba aliyekuwa akiokota bure atafukuzwa na mwenye mti aliyegundua kuwa una thamani. Biashara haijawahi kuhifadhi kitu.
*Afisa mazingira, Muheza, Tanga*

Sentensi yako ya mwisho siikubali. Zilizotangulia nazikubali karibu zote. Wewe unaishi chini ya Usambara Mashariki, na huko uko mfano mkubwa kuliko wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Unilever na washirika wake walianza kununua mbegu za Allanblackia, mti wa msituni, ambazo mafuta yake yaliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2007 kutumika katika siagi za mimea. Wakulima waliokuwa na miti hiyo mashambani walipata sababu ya kuiacha, na wengine wakapanda. Lakini soko la mnunuzi mmoja mkubwa ni soko la roho mkononi, na mbegu zikiokotwa zote panya hawana cha kuzika, na mbegu zisipozikwa msitu haujizai. Kwa ubuyu hatari hiyo ni ndogo zaidi, kwa kuwa unao walaji wengi hapa nyumbani. Uliliwa na Wahadzabe na Wagogo tangu zamani, kabla Umoja wa Ulaya haujauruhusu mwaka 2008 na Marekani mwaka 2009, na utaendelea kuliwa hata wao wakichoka nao.

Kinachonipa imani ni Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, mkoa ule ulikuwa umekatwa miti hadi kuitwa jangwa. Kilichorudisha miti kwenye mamia ya maelfu ya hekta hakikuwa soko bali ngitili, utaratibu wa kale wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua na kukifungua kiangazi, ukiungwa mkono na sheria ndogo za vijiji. Matunda, asali na kuni vikaja baadaye kama faida, na faida hizo ndizo zilizowafanya watu waendelee kuiheshimu ngitili. Kanuni ilitangulia, fedha ikafuata. Vikundi vingi vya usindikaji ninavyoviona vinaanza na lebo, kisha vinatafuta mahali pa kubandika neno hifadhi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijiji chochote kinachotaka kuuza ni kuandika sheria ndogo kabla ya kumkaribisha mnunuzi: siku ya kuanza kuokota, marufuku ya kuangua matunda mabichi na kukata matawi, miti inayoachwa bila kuguswa kwa ajili ya wanyama na mbegu, na haki ya asiye na shamba kuokota kwenye ardhi ya kijiji kwa matumizi ya nyumbani bila malipo. Katika misitu ya hifadhi ya vijiji, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia uvunaji. Kwenye miti ya mashambani mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kukubaliana. Na mnunuzi anunue aina nyingi. Anayetaka ubuyu peke yake atawafanya watu wafyeke mitopetope, mikole na mikunazi ili kupanda mibuyu kwa mistari, na hapo tutakuwa na shamba lingine la zao moja lenye jina zuri.

Umegusia wanawake, nami naongeza jambo moja kwa kuwa wewe ni mtumishi wa serikali na utaulizwa. Katika makubaliano ya lebo, msiruhusu kikundi kiandike kwamba juisi yao hutibu kisukari au shinikizo la damu, kwa sababu TBS itaizuia na itakuwa na haki. Wala wasiandike "tunahifadhi mazingira" bila kuonyesha. Wahesabu miti ya wanachama wao kwa aina, mkubwa na mdogo, kabla ya msimu wa kwanza, waihesabu tena kila baada ya mavuno, na lebo itaje kijiji na idadi hiyo. Idadi ikishuka, mteja ataiona, na nyinyi mtaiona kabla yake.